Kabla Panga Halijagusa Gome

Mkulima wa chai anayejua kazi yake hakimbilii kuangusha mti uliosimama mahali anapotaka kupanda miche. Kwanza huuvua gome. Huzungusha panga kwenye shina, akabandua ukanda mzima mpaka ubao mweupe wa ndani uonekane pande zote, kisha huuacha mti umesimama hivyo hivyo. Kwa miezi mingi majani hubaki ya kijani, na mpita njia hawezi kujua kwamba kuna jambo limetendeka. Chini ya ardhi, hata hivyo, mizizi imeanza kufa njaa. Mwaka mmoja au miwili baadaye mti unapokatwa, kisiki na mizizi yake havina tena akiba ya wanga, na hapo ndipo miche ya chai inaweza kuingia shambani kwa usalama.

Anachokikwepa mkulima huyo ni amilaria, kuvu inayoozesha mizizi. Huishi kwenye mizizi ya miti ya msituni, na ikikuta kisiki kilichojaa wanga hukila kwa miaka, kisha huvuka kwenda kwenye mizizi ya chai iliyogusana nacho. Mchai mmoja hukauka, kisha jirani yake, kisha wa tatu, mpaka shamba linabaki na pengo linalopanuka kila msimu. Ukichimba mzizi uliougua na kuubandua gome utakuta utando mweupe umetandaa kati ya gome na ubao, wenye harufu ya uyoga. R. Leach, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi mti uliovuliwa ukanda wa gome kabla ya kukatwa unavyoinyima kuvu hii chakula. Ushauri huo ulifika hadi kwenye mashamba ya Kenya, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Timbilil, Kericho, ambayo leo iko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, wamekuwa wakiutoa kwa wakulima. Kuna hata kipimo chake: unakata kipande cha mzizi, unakidondoshea ayodini, na kikigeuka rangi ya buluu iliyoiva hadi weusi unajua wanga bado upo na siku ya kuangusha mti haijafika.

Nimeanza na mbinu ya kuua kwa sababu hakuna kitu kinachoonyesha waziwazi zaidi gome lina kazi gani. Mti wenye urefu wa mita 30, uliokaa msituni tangu enzi za mababu, unakufa kwa kunyang'anywa ukanda usiozidi upana wa kiganja. Ubao haukuguswa. Majani hayakuguswa. Mizizi haikuguswa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi sisi wa Kericho na Bomet tuna jambo la kujiuliza kila tunapopita sokoni Litein au Silibwet tukaona mafungu ya magome ya dawa yamepangwa kwenye gunia. Magome yale yametoka kwenye mti gani, yamebanduliwa upande gani wa shina, na je, mti ule bado uko hai?

Hoja ya toleo hili ni kwamba ujuzi wa kuvua gome ili mti ufe tunao, tumefundishwa, na chai yetu imeutegemea. Ujuzi wa kuchukua gome na kuuacha mti ukiwa hai haujafundishwa kwa bidii ile ile, na miti ya dawa ya msitu wa Mau Kusini Magharibi ndiyo inayoathirika. Ujuzi wote wawili unatokana na elimu moja ya gome. Kwa hiyo msomaji atuvumilie kidogo tukiingia ndani ya shina.

Ukianzia nje, unakutana kwanza na gamba lililokufa. Seli zake hazina uhai tena, na kuta zake zimejaa suberini, dutu yenye asili ya mafuta ambayo haipitishi maji. Kazi ya gamba hili ni kuuzuia mti usikauke, kuukinga na jua, moto, wadudu na kuvu, na kuzuia maji ya mvua yasirowanishe sehemu laini za ndani. Seli za kwanza kuandikwa katika historia ya sayansi zilikuwa za gamba kama hili: mwaka 1665 Robert Hooke, Mwingereza, alikata kipande chembamba cha gamba linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini, akaona vyumba vidogo vitupu. Vilikuwa vitupu kwa sababu wenyeji wake walikwisha kufa.

Chini ya gamba kuna tabaka jembamba lililo hai linalozaa gamba jipya kila la nje linapochakaa. Shina hunenepa mwaka baada ya mwaka, lakini gamba lililokufa haliwezi kutanuka. Ni lazima lipasuke au lidondoke, na kila mti una namna yake. Tendwet, mti wa dawa wa milimani, hupasuka vipande vya pembe nne, vyeusi na vigumu, na mtu aliyezoea msitu huutambua kwa gome tu kabla hajainua macho kutazama majani. Mtarakwa huachia nyuzi ndefu. Mkaratusi hujivua mikanda mirefu inayoning'inia na kuacha shina laini lenye mabaka. Anayetaka kuona tofauti hizi pamoja aende kwenye bustani ya miti ya Chagaik, nje kidogo ya mji wa Kericho, iliyoanzishwa na mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Asitazame maua kwanza. Apitishe mkono kwenye mashina.

Gamba lingeziba kabisa, mti ungekosa hewa, maana seli hai zilizo chini yake zinapumua. Ndiyo maana kwenye matawi machanga utaona vinundu vidogo vilivyotawanyika: ni vitundu vya kupitishia hewa. Na kwenye matawi hayo hayo, ukikwaruza kidogo kwa ukucha, utakuta rangi ya kijani chini ya gamba. Gome changa nalo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko majani.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye gome la ndani, lenye unyevu, ambalo wataalamu huliita floemu. Hapa ndipo uhai wa mti unapopita. Majani hutengeneza sukari, na sukari hiyo husafirishwa ndani ya mirija ya floemu kwenda kulisha kila sehemu isiyojitengenezea chakula, hasa mizizi. Maji hupanda kwa njia nyingine, ndani ya ubao. Kati ya floemu na ubao kuna kambiamu, utando wenye unene wa seli chache tu, na ndio unaozaa vyote viwili: ubao kwa ndani, floemu kwa nje. Sasa fumbo la mti uliovuliwa ukanda na kubaki wa kijani limefumbuka. Maji yanaendelea kupanda kwa sababu ubao ni mzima, ndiyo maana majani hayanyauki. Sukari nayo inashuka hadi kwenye ukingo wa jeraha na kukwama hapo. Marcello Malpighi, daktari wa Italia wa karne ya 17, alivua miti mikanda ya gome akaona shina likivimba juu ya jeraha. Mizizi inaishi kwa akiba mpaka akiba iishe, kisha inakufa, na hapo ndipo majani nayo yanakosa maji. Mti huanza kufa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Wakulima wetu wengi siku hizi wanakata migrevilea na mikaratusi iliyo pembeni au katikati ya chai bila kuivua gome kwanza, kwa sababu mnunuzi wa mbao amekuja na msumeno wa injini na pesa mkononi. Ninaelewa haraka hiyo, karo haingojei. Lakini kisiki kinachoachwa na wanga wake wote ni mwaliko kwa amilaria, na hasara yake haionekani mwaka huo wala mwaka unaofuata. Mwenye shamba akijua mapema kwamba atauza mti, basi auvue ukanda mapema.

Mchai wenyewe nao una gome la kutunzwa. Ni mti kamili, ambao ungeachwa ungekua mrefu kumpita mtu. Tunauweka kwenye usawa wa kiuno kwa kuupogoa kila baada ya miaka mitatu au minne. Kwa muda wote huo gome la matawi ya chini limeishi kivulini, chini ya paa la majani. Siku ya kupogoa paa linaondoka, na gome ambalo halijawahi kupigwa na jua linakutana na jua la mchana wa nyanda za juu karibu na ikweta. Likiungua, hufa kwa upande wa juu wa tawi, hupasuka, na kuvu wa kuozesha ubao huingia hapo. Hii ndiyo sababu tunaambiwa tusikimbilie kuondoa matawi yaliyokatwa, tuyatandaze juu ya vichwa vya michai mpaka machipukizi yatokeze. Wapo wanaoyabeba kwenda kuwasha moto jikoni siku hiyo hiyo. Wanachopata ni moto wa siku chache; wanachopoteza ni umbo la mchai ambao ungechumwa kwa miongo mingi. Mvua ya mawe, ambayo Kericho inajulikana kwayo kuliko sehemu nyingi duniani, hujeruhi gome la matawi machanga pia, na hilo hatuwezi kulizuia. La jua tunaweza.

Hata kwenye kuni za kiwanda gome halijaacha kazi yake. Gogo la mkaratusi lililolazwa na gome lake lote hukauka polepole, kwa sababu gamba liliumbwa kuzuia maji yasitoke, na kazi hiyo haihitaji uhai. Gogo hilo likipasuliwa, maji hupata njia. Kiwanda kinachochoma kuni mbichi kinatumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni badala ya kukaushia chai, na miti mingi zaidi inakatwa kwa kazi ile ile.

Nimekuja sasa kwenye jambo linaloniuma. Mti hauwezi kumkimbia adui. Hauna kwato wala mbawa. Ulinzi wake umewekwa kwenye gome: tanini zinazokausha ulimi, viungo vikali vinavyofukuza wadudu, sumu zinazozuia kuvu. Binadamu aligundua zamani kwamba silaha hizi zinaweza kumtumikia. Magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa kwenda kulainisha ngozi. Miwati ilipandwa kwenye nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya tanini ya magome yake. Msinkona, mti wa milima ya Andes, ulipandwa Kivu, na Bukavu ikawa mji wa kwinini. Na hapa kwetu tuna soget, ambao kipande cha gome lake kinawasha mdomo kama pilipili na hutafunwa kwa kikohozi, maumivu ya jino na tumbo. Tuna tendwet, ambao gome lake likikatwa hutoa harufu ya lozi chungu.

Historia ya tendwet kila mkazi wa karibu na Mau anapaswa kuijua. Waganga wa Afrika waliutumia tangu zamani. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya dawa iliyotokana na gome lake, kwa ajili ya tezi dume inayovimba kwa wanaume wenye umri mkubwa. Dawa ikapata soko Ulaya, na magome yakaanza kuondoka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwingineko. Mti huu hauko popote duniani isipokuwa Afrika na visiwa vyake vya karibu, na huota milimani tu, kwenye baridi na mvua. Kufikia mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake magome hayawezi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauumalizi mti.

Kinachonifanya niandike ni kwamba tendwet ni miongoni mwa miti inayostahimili kuvuliwa gome, ikivuliwa vizuri. Utaratibu uliowekwa Kameruni ulikuwa rahisi kukumbuka: usiguse mti mwembamba, chukua robo mbili za mzunguko wa shina zinazotazamana, acha robo mbili nyingine zikiwa nzima, usipande juu ya tawi la kwanza, na usirudi mpaka miaka kadhaa ipite. Robo zilizoachwa zinaendelea kupitisha sukari kwenda mizizini. Kambiamu ikiachwa bila kukwanguliwa, gome jipya huota. Anayejua muundo wa gome hahitaji kukariri utaratibu huu. Anaweza kuutunga mwenyewe. Lakini mvunaji wa usiku, anayelipwa kwa uzito wa gunia, huzungusha panga pande zote na kupanda juu mpaka mkono usipofika. Bila kujua, au akijua, amefanya kile kile ambacho mkulima wa chai hufanya anapotaka mti ufe.

Tazama Uganda. Baganda wamevua magome ya mti wa mutuba kwa karne nyingi kutengeneza vazi lao la heshima, na UNESCO ilitambua ufundi huo mwaka 2005. Fundi huvua shina, nao ule ukanda wa mzunguko ambao ungeua mti mwingine hauui mutuba, kwa sababu huvuliwa wakati wa mvua, kambiamu haikwaruzwi, na shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba mara moja ili lisikauke. Gome jipya linaota chini ya majani hayo, na mti ule ule huvunwa tena na tena, kutoka kizazi hadi kizazi. Ureno nako mwaloni wa vizibo huvuliwa gamba kila baada ya miaka 9 hivi, na wavunaji wake ni mafundi waliofunzwa kusimamisha shoka kabla halijafika kwenye tabaka lililo hai. Watu hao hawana macho ya ajabu kuliko yetu. Wana desturi, na wana mwenye mti anayejua kwamba mti ni wake kesho pia.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Doria ya msituni hutafuta visiki na shehena za mbao. Mti uliobambuliwa haujaanguka, haujatoa sauti ya msumeno, na una majani. Utakufa mwaka ujao na utahesabiwa kuwa mti uliokufa wenyewe. Vyama vya wanajamii wa misitu vina nafasi katika sheria ya misitu ya Kenya, na ninaamini wao ndio wanaoweza kufanya kile ambacho askari peke yake hawezi: kuwatambua waganga na wavunaji wa eneo lao kwa sura, kukubaliana nao miti gani itavunwa na kwa robo zipi, na kuweka alama kwenye mti uliovunwa ili mwingine asiurudie. Nimesikia ikisemwa kwamba mgonjwa hawezi kungoja mkutano wa chama. Ni kweli. Mgonjwa pia hana faida na msitu usio na soget.

Zipo njia nyingine za kupunguza mzigo. Majani ya soget yana ukali unaofanana na wa gome, na uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini kwa ndugu wa soget umeonyesha kwamba majani yanaweza kushika nafasi ya gome katika baadhi ya matumizi. Jani likichumwa mti huchipua jingine. Wazee wa dawa tuliozungumza nao kwa ajili ya toleo hili hawakubaliani wote juu ya jambo hilo. Wengine wanasema nguvu iko kwenye gome la mti mkubwa, na tumeyachapisha maoni yao bila kuyapunguza. Mimi nasimama upande wa majani, hasa kwa kikohozi na mafua, na gome liachiwe mahitaji makubwa zaidi.

Lakini njia iliyo karibu zaidi nasi ni kupanda. Viwanda vya chai vina vitalu vya miti, na kila mwaka vinagawa miche ya mikaratusi kwa ajili ya kuni. Katika vitalu hivyo hivyo pawekwe mstari wa tendwet na mstari wa soget, na kila mkulima anayechukua mikaratusi apewe michache ya kupanda mpakani, kando ya mto, au nyuma ya nyumba. Tendwet hufikia umri wa kuvunwa gome ukiwa na miaka kama 15, muda ambao mtoto aliyezaliwa leo atakuwa sekondari. Mwenye mti wake mpakani hatauzungushia panga. Kikwazo kimoja ni mbegu za tendwet: haziwekeki ghalani kama mahindi, maana hupoteza uhai upesi. Huokotwa chini ya mti mama, matunda yakiwa yamegeuka rangi ya zambarau iliyoiva, kabla ndege na nyani hawajayamaliza. Huoshwa nyama yake yote, na kuoteshwa siku hizo hizo zikiwa bado mbichi. Kwenye ukurasa wa kati tumeweka maelekezo kamili, pamoja na miezi ya kuangalia matunda.